Je, Nabii Isa alikuwa mtoto wa Yusufu seremala?

SWALI: Assalaam alaykum, shehe. Nilisilimu nilipoolewa; nyumbani kwetu Moshi ni Walutheri. Hivi karibuni muhadhiri mmoja alikuja mtaani kwetu akasema tusikubali kwamba Nabii Isa alizaliwa bila baba, kwani tukikubali tumewapa Wakristo hoja ya uungu wake. Akasema baba yake ni Yusufu seremala, na kwenye Biblia imo. Mama aliponipigia kuniuliza kama nitakwenda Krismasi, nikamwambia hivyo, na maneno mengine juu ya Maryam ambayo naona haya kuyaandika. Akakata simu, na mpaka leo hapokei. Je, nilisema haki? Na ninaruhusiwa kwenda kumwona?

JIBU: Waalaykum salaam, binti yangu. Maswali ya Krismasi huwa nayajibu kwa mistari miwili mitatu. La kwako limenishinda kulifupisha, kwa sababu ya huyo muhadhiri.

Ulichosema si haki. Bi Maryam aliuliza atapataje mtoto na hali hakuna mwanamume aliyemgusa (Aal Imran 47, na Maryam 20). Malaika hakumwambia asubiri, ataolewa na Yusufu. Alijibiwa kwamba Mwenyezi Mungu huumba atakacho. Akipitisha jambo huliambia "kuwa", likawa. Na Mola aliyeamrisha katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba watoto waitwe kwa baba zao, ndiye huyo huyo anayemwita Isa mwana wa Maryam, mara baada ya mara. Angekuwa na baba, angeitwa kwa baba yake. Soma pia Sura Maryam kwa utulivu: Yahya anasifiwa katika aya ya 14 kwa wema kwa wazazi wake wawili, lakini Isa, katika aya ya 32, anasema ameamrishwa kumtendea wema mama yake. Mama peke yake.

Sasa tazama kauli hiyo inampeleka mtu wapi. Kur'ani inawalaumu waliomsingizia Maryam uwongo mkubwa (An-Nisaa 156). Walimsingizia uzinzi. Mwislamu anayesimama kwenye spika na kumtafutia Isa baba, kisha wasikilizaji wake wakaondoka na maneno ya kuona haya kuyaandika, amejiunga na kundi gani? Hamtetei Mwenyezi Mungu. Anamvunjia heshima mwanamke ambaye Mwenyezi Mungu amesema amemtakasa na kumteua juu ya wanawake wa walimwengu.

Kauli yenyewe si mpya. Kule India, karne ya 19, Sayyid Ahmad Khan aliisema, akitaka kuipatanisha Kur'ani na elimu ya zama zake, na wanachuoni wakamrudi. Yeye angalau alikuwa msomi. Muhadhiri wenu ana spika tu, maana hata hiyo Biblia anayoishika hakuifungua vizuri. Mathayo 1:16 haisemi Yusufu alimzaa Yesu. Inamtaja Yusufu kuwa ni mume wa Mariamu, aliyemzaa Yesu. Luka 3:23 inasema *alidhaniwa* kuwa mwana wa Yusufu. Na ukiifuata nasaba hiyo ya Luka hadi mwisho, utakuta Adamu anahesabiwa "wa Mungu", na hakuna Mkristo anayemwabudu Adamu.

Hapo ndipo hofu yake inapoanguka. Anadhani kuzaliwa bila baba kunazaa uungu. Mwenyezi Mungu amekwisha kulijibu hilo: mfano wa Isa kwake ni kama mfano wa Adam, aliyemuumba kwa udongo (Aal Imran 59). Adam hakuwa na baba wala mama. Wala wasomi wa Kikristo hawajengi Utatu juu ya kukosekana kwa baba. Wao wanasema Mwana alikuwapo kabla ya Maryam, na wanaanzia kwenye Yohana, sura ya kwanza. Mwaka 325, maaskofu walipokusanyika Nikea, hawakuwa wakigombania kama bikira alizaa. Waligombania kama Mwana yu sawa na Baba. Ubishi wetu nao upo hapo hapo: Mwenyezi Mungu ni mmoja, hakuzaa wala hakuzaliwa, na Masihi na mama yake walikuwa wakila chakula (Al-Maida 75). Mwenye kula ana haja, na Mola hana haja. Hoja hiyo inatosha. Wala usiwasingizie Wakristo kwamba wanaamini Mungu alimwingilia Maryam. Hawaamini hivyo, na kumzulia mtu asiloliamini ni dhuluma hata kama si wa dini yako.

Kwa hiyo, binti yangu, wewe na mama mnahitilafiana juu ya Mungu ni nani, hitilafu kubwa ambayo siipunguzi. Lakini ulimpiga mahali pale mnapokubaliana.

Kwenda kumwona inaruhusiwa, na kwa hali hii mimi naona ni wajibu. Mama yake Asmaa bint Abu Bakr alikuja Madina akiwa mshirikina, na Mtume (s.a.w.) alimwambia Asmaa amuunge. Mama yako wewe ni Mkristo, katika Watu wa Kitabu. Na Luqman 15 inasema kuhusu wazazi wanaokushurutisha ushirikina: usiwatii, lakini kaa nao duniani kwa wema. Ibada ya kanisani usishiriki. Kumtembelea mama aliyekulea hakuhitaji ufafanuzi mrefu.

Ila usisubiri Krismasi. Mabasi ya Moshi yanavyojaa Desemba unayajua mwenyewe, na jambo hili halifai kulala. Ukifika, usianze na mjadala. Muombe radhi kwa yale uliyosema juu ya Maryam, uyataje. Usiseme "kama nilikukosea". Akitaka kujua Waislamu wanasema nini hasa, msomee kwa Kiswahili Sura Maryam, aya ya 16 hadi 34. Sahaba Jaafar bin Abi Talib alimsomea Najashi, mfalme Mkristo wa Uhabeshi, aya za mwanzo wa sura hiyo, na Najashi akalia. Mkifika kwenye Utatu na sauti zikaanza kupanda, ingia jikoni umsaidie kupika.

Mumeo asikuzuie. Huyo ni mkwewe, na nauli atoe yeye.