X uliyoipanga siyo x iliyomo kwenye fuwele

Kama ndiyo kwanza unaanza kubadili usumaku wa nusumetali za kitopolojia (nyenzo zinazopitisha umeme kwa namna ya pekee kwa sababu ya mpangilio wa nishati za elektroni zake) kwa kuchezea kemia yake, nakuomba jambo moja: usiridhike na x, yaani kiasi cha elementi moja ulichobadilisha kwa nyingine, iliyotoka kwenye mizani tu. Pima fuwele yenyewe, ile ile utakayoifanyia majaribio.

Mimi nilianza na Co3Sn2S2, kampaundi ya kobalti, bati na salfa. Ikipozwa hadi kelvini 177 hivi, inageuka sumaku. Ukipunguza bati na kuweka indiamu, ambayo ina elektroni moja pungufu, joto hilo linashuka, na ukikaribia nusu ya bati yote usumaku unatoweka. Basi nikapima unga, nikauyeyusha ndani ya bomba lililozibwa, nikaliacha tanuri lipoe polepole kwa siku kadhaa, kisha nikachora grafu ya joto hilo dhidi ya x. Nukta zikatawanyika ovyo. Hata vipande viwili vilivyotoka bomba moja havikukubaliana. Mwalimu wangu akaitazama ile grafu, akaniuliza, "Hii x umeipima au umeipanga?"

Nilikuwa nimeipanga.

Myeyuko unapoganda, fuwele haichoti elementi kwa uwiano ule ule uliomo kwenye myeyuko, inachagua. Kadiri inavyokua ndivyo myeyuko uliobaki unavyobadilika, kwa hiyo kiini na ukingo vinaweza kuwa na x tofauti. Dalili yake ilikuwa mbele ya macho yangu muda wote: mchoro wa usumaku, badala ya kupanda ghafla kwenye joto moja, ulipanda kama kilima kirefu kilicholala. Nikadhani kifaa kina kasoro.

Na kwa bati na indiamu kuna mtego mwingine. Ni majirani, namba 49 na 50, kwa hiyo mistari yao ya eksirei inaingiliana kwenye kipimo cha kawaida cha hadubini ya elektroni. Ukiweza, tumia kipimo kinachotenganisha eksirei kwa urefu wa mawimbi. Piga nukta nyingi, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, wala usitosheke na wastani. Nilipochora upya kwa x iliyopimwa, nukta zilizokuwa zimetawanyika zilishika mstari.

Bado usikimbilie kusema umeona nguvu ya usumaku peke yake. Indiamu inapunguza elektroni, kwa hiyo kiwango cha Fermi (nishati ambayo elektroni zimejaza hadi hapo) nacho kinasogea kuhusiana na nukta za Weyl, yaani mahali ambapo mikanda miwili ya nishati za elektroni inagusana. Athari ya Hall (volti inayojitokeza kukatiza mkondo wa umeme ndani ya sumaku) ikibadilika, ni usumaku au ni kusogea huko? Hapo ndipo ninapoipenda PrAlGe, nusumetali nyingine ya aina hii, ya praseodimiamu, alumini na jemani: ukibadili jemani kwa silikoni, hesabu ya elektroni za nje inabaki ile ile, kwa sababu zote mbili zina nne. Atomu ya silikoni ni ndogo zaidi, kwa hiyo fuwele inabanwa kidogo, na hilo nalo lina athari zake, lakini angalau swali moja limepungua. Ningeanza na hiyo.