Re: "corrugated" kwa Kiswahili naitaje?

Habari mkuu. Umekwama na "corrugated" kwenye maelezo ya mzigo, umeweka "iliyokunjamana" na bosi kakurudishia. Mimi yalinikuta hapa Mtwara nikitafsiri oda ya vifaa vya ghala la korosho, nikaandika "mabati yaliyokunjamana", fundi akacheka akaniuliza, kwani yamegongwa na lori?

Cha kwanza angalia linaloelezwa ni kitu gani, maana neno moja halitoshi kote. Kama ni bati sema bati la migongo, basi, hata dukani ukisema migongo mipana au midogo unaeleweka. Asili ya neno "corrugated" ni Kilatini, ruga, yaani kunyanzi, ndo maana kamusi zinakupeleka kwenye mikunjo ila kunyanzi la uso halina mpangilio na hii migongo imepangwa sawasawa, inapanda inashuka, na ndiyo inayoipa bati jembamba nguvu lisipinde. Mhandisi Mwingereza, Henry Palmer, aliichukulia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, London mwaka 1829, kwa hiyo siyo urembo.

Boksi ni kesi nyingine. Ukilichana pembeni unaona karatasi ya mawimbi katikati ya mbili zilizonyooka, hapo mi naandika "boksi gumu lenye karatasi ya mawimbi ndani". Barabara ya vumbi inayotetemesha pikipiki mpaka meno yagongane, hiyo ni matuta madogo madogo, usiseme migongo.

Sweta au kodrai ni "ribbed", sema ya mistari iliyoinuka. Tupia sentensi nzima tuone.