YouTube inacheza, programu ya mahesabu imegoma

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mitandao, iko siku utakabidhiwa ofisi yenye IPv6 tupu, yaani anwani za mtandao za kizazi kipya, wakati huduma kibao bado ziko IPv4, zile za zamani. Mimi nilikabidhiwa ya kwangu Kijitonyama, ghorofa ya tatu. Nikawasha NAT64, inayotafsiri paketi za IPv6 kwenda IPv4, na DNS64, inayotunga anwani za IPv6 kwa majina yasiyo nazo, nikajaribu tovuti tatu nne, zote zikafunguka. Nikajiona fundi. Sijafika kwenye ngazi, mhasibu kaniita: "Kaka, mtandao wako una ubaguzi? YouTube inacheza, programu yangu haifunguki."

Nilipoteza saa tatu kwenye ruta, kumbe tatizo liko kwenye faili la mipangilio: aliyefunga programu aliandika namba za seva, yaani anwani yake ya IPv4, badala ya jina. DNS64 husaidia pale tu kompyuta inapouliza jina. Jina likiwa na anwani ya IPv4 peke yake, DNS64 huitungia ya IPv6 kwa kubandika biti zile 32 nyuma ya kianzio 64:ff9b::/96, yaani biti 96 za mwanzo za anwani. Hivyo 192.0.2.33 inakuwa 64:ff9b::c000:221. Zoea kuisoma kwa macho, ni namba za msingi wa 16: c0 ni 192, 21 ni 33. NAT64 ikipokea paketi, huzing'oa biti hizo na kuipeleka kwa IPv4. Asiyeuliza jina hatungiwi kitu.

Nikaweka jina. Bado imegoma! Seva ilikuwa ya ndani, anwani yake inaanza na 10, na RFC 6052 ya 2010, waraka wa kanuni za mtandao, inakataza kianzio hicho kubeba anwani za binafsi. Ningeisoma mapema ningekula mchana. Tukatenga kianzio cha /96 kwenye anwani zetu wenyewe za IPv6, programu ikafunguka saa kumi na moja jioni, mhasibu keshabeba mkoba.

Na usipime kwa simu ya Android. Ina 464XLAT, mfumo wa tafsiri, ndani yake, inajitafsiria IPv4 kimyakimya, kwa hiyo kwako kila kitu kitaonekana safi huku kompyuta ya mezani inateseka. Kaa kwenye kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Uliza rekodi ya AAAA, yaani anwani ya IPv6, ya ipv4only.arpa, jina hilo kwa asili lina IPv4 tu, 192.0.0.170 na 192.0.0.171, basi ukijibiwa IPv6 ujue DNS64 ipo kazini. Kisha mwombe mhasibu afungue programu yake ukiwa umesimama pembeni.