Jibu: Ruta zimeacha kuonana baada ya kuweka ufunguo

Pole mkuu. Umesema OSPF (utaratibu wa ruta kuelezana njia za kupitisha data) kati ya ruta ya Kirumba, Mwanza, na ile ya ng'ambo ya ziwa, Kamanga, ilikuwa safi, ukaweka ufunguo wa MD5, yaani neno la siri la ruta kuthibitishana, muda si mrefu ujirani (uhusiano wa ruta hizo mbili) ukafa. Kwa kawaida ruta husubiri sekunde 40. Salamu inayokubalika, yaani ujumbe mfupi wa "nipo", isipofika, jirani anafutwa.

Anza na namba ya ufunguo. Huku 1, kule 2, haziongei hata neno la siri likifanana herufi kwa herufi. Halafu nafasi tupu mwishoni! Niliwahi kunakili ufunguo kutoka WhatsApp, ukaja na nafasi moja nyuma, nikakesha mnarani upepo wa ziwa ukinichapa.

Ukiwa umeupangia ufunguo muda wa kuanza na kuisha, saa za ruta zilingane. Washa NTP, huduma ya kurekebisha saa kupitia mtandao, kwani umeme ukikatika, ruta nyingine huamka na tarehe ya zamani.

Siku ya kubadilisha ufunguo, ongeza mpya wenye namba nyingine pande zote, ndipo ufute wa zamani. Anza na ruta ya mbali, la sivyo utajifungia nje, ukapange foleni ya kivuko na laptopu begani.