Kalamu moja badala ya nne: ipi inafaa kazi ya saiti?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni msimamizi wa ujenzi hapa Dodoma. Kila siku nabeba mfukoni peni ya bluu ya kujazia daftari la saiti na kitabu cha maagizo chenye kaboni, peni nyekundu ya kusahihishia ramani, penseli, na bisibisi ndogo. Nimechoka kuzipoteza moja baada ya nyingine. Dukani nimeonyeshwa kalamu tatu za kazi nyingi: ya plastiki yenye rangi kumi, ya chuma yenye bisibisi, pima maji, rula na ncha ya kugusia kioo cha simu, na ya tatu yenye rangi tatu ambayo wino wake unafutika ukikosea. Nichukue ipi, na mirija yake nitaipataje wino ukiisha?

Jibu: Ndugu msimamizi, kwa kazi uliyoieleza nisingekushauri uchukue hata moja kati ya hizo tatu. Nitakueleza sababu, kisha nikutajie ya nne ambayo nadhani ndiyo unayoitafuta.

Nimeuza na kutengeneza kalamu kwa miaka mingi, na naona wateja wengi huanza kwa kuhesabu mambo ambayo kalamu inaweza kuyafanya. Mimi huanza kwa kuifungua na kuutazama mrija wa wino, kwa sababu kinachoandika ni mrija, na ganda ni nyumba yake tu. Nyumba hiyo ina nafasi ndogo, na kila kazi inayoongezwa hupunguza nafasi ya wino. Mrija unaotumika sana katika kalamu za kazi nyingi zilizotengenezwa vizuri huitwa D1. Una urefu wa milimita 67 na unene wa milimita 2.35, yaani haupiti sana unene wa njiti ya kiberiti. Ulinganishe na mrija mkubwa wa kalamu ya chuma ya kazi moja, ambao una urefu wa milimita 98 na unene unaokaribia milimita 6, utaona mara moja kwa nini kalamu ya kazi nyingi huishiwa wino mapema. Huo si ubovu wa kalamu. Ni gharama ambayo mnunuzi anapaswa kuijua kabla hajatoa fedha.

Kalamu yenye rangi kumi inalipa gharama hiyo mara kumi. Mirija yake imebanana, na kila mmoja unapaswa kupinda ili ncha yake itokee kwenye tundu moja la katikati. Jaribu jambo hili hapohapo dukani: toa ncha ya bluu, ishike karibu na mwanga, kisha uisukume kidogo kwa ukucha kushoto na kulia. Utaiona ikicheza ndani ya tundu. Kwa mtu anayeandika orodha ya sokoni, mchezo huo hauna madhara. Kwa mtu anayekandamiza karatasi tatu zenye kaboni katikati yake, ncha inayocheza huandika herufi zenye kivuli kwenye nakala ya chini, na tarakimu 3 inaweza kusomeka kama 8. Wewe unaandika idadi ya nondo na mifuko ya saruji, kwa hiyo tarakimu moja iliyosomeka vibaya ni hasara ya kweli.

Hiyo ya wino unaofutika ndiyo ninayoiogopa zaidi, na ninakuomba usiitumie kabisa kwa kumbukumbu za kazi. Wino wa aina hii, ambao unajulikana zaidi kwa jina la FriXion kutoka kampuni ya Pilot, haufutwi kwa kukwangua karatasi. Rangi yake hupotea kwa joto: unaposugua kwa ule mpira wa nyuma, msuguano huzalisha joto, na likifika nyuzi 60 hivi za Selsiasi maandishi hayaonekani tena. Tatizo ni kwamba karatasi haiwezi kutofautisha joto la mpira na joto la jua. Dashibodi ya gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani inaweza kufika joto hilo bila shida. Mteja mmoja aliwahi kuniletea daftari la kupokelea mizigo lililokaa juu ya dashibodi ya lori mchana mzima. Kurasa zilikuwa na mistari na mihuri, lakini maandishi ya mkono hayakuwepo. Tulilifunga daftari kwenye mfuko wa nailoni tukaliweka kwenye friza usiku kucha, kwa sababu wino huo huanza kurudi joto likishuka chini ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Asubuhi sehemu kubwa ilisomeka, ingawa kwa rangi iliyofifia. Nisingependa wewe ufike hapo siku ambayo mkandarasi na mwenye mradi wanabishania agizo lililoandikwa miezi sita iliyopita.

Kwa nyaraka kama zako, tafuta mrija ulioandikwa ISO 12757-2. Alama hiyo maana yake ni kwamba wino wa kalamu ya gololi umepimwa kwa matumizi ya nyaraka, yaani uwezo wake wa kustahimili mwanga, maji, kufutwa na kemikali. Si kila mrija mzuri una alama hiyo, lakini ukiwa na miwili mkononi, mmoja unayo na mwingine hauna, uamuzi ni rahisi.

Kuhusu ile ya chuma yenye bisibisi na pima maji, naelewa kwa nini ilikuvutia, na sehemu zake mbili zina manufaa. Rula husaidia kupima kitu kidogo, na bisibisi hukaza skrubu ya miwani au ya kifuniko cha kifaa kidogo. Skrubu ya swichi iliyoshikwa na kutu ni jambo jingine, kwa kuwa mkono hauna pa kushika na kichwa cha bisibisi huanza kuzunguka kwenye uzi wake. Pima maji ndiyo ningekuomba usiiamini. Kalamu ina urefu wa takriban sentimita 15. Ukikosea milimita 1 tu katika urefu huo, kwenye ukuta wa mita 3 kosa hilo linakuwa milimita 20, na hakuna fundi mwashi atakayekubali ukuta wa namna hiyo. Ncha ya kugusia simu hufanya kazi kwa sababu mpira wake unapitisha umeme mdogo wa mwili wako hadi kwenye kioo, kwa hiyo ni sawa na kidole kinene: inafaa kubonyeza wakati mikono ina vumbi la saruji, lakini haifai kuandika wala kuchora juu ya ramani. Nyuma ya vifaa vyote hivyo, mara nyingi unabaki mrija mmoja wa wino wa rangi moja, na wewe ulitaka mbili.

Sasa ya nne. Muulize muuzaji kalamu yenye rangi mbili na penseli ya kubonyeza, wino wake ukiwa wa mafuta, si wa jeli. Muunganiko huu si mgeni. Kampuni ya Zebra ya Japani ilianza kuuza Sharbo, peni na penseli katika ganda moja, mwaka 1977. Wino wa jeli ni mzuri na umekolea, lakini hutiririka kwa kugusa tu, na kaboni inahitaji mkono unaokandamiza. Kwa plastiki, ninayoipendekeza mara nyingi ni Jetstream 2&1 ya chapa ya uni, yenye nyeusi, nyekundu na penseli ya milimita 0.5. Wino wake ni wa mafuta mepesi, unateleza vizuri na unakauka haraka. Kwa kuwa unahitaji bluu, toa mrija mweusi na uweke wa bluu wa namba SXR-80, ambao una vipimo vilevile. Chukua ncha ya 0.7 badala ya 0.5, maana ncha nyembamba sana ikikandamizwa hukata karatasi ya juu. Jihadhari na jambo moja: wino huu ni mwepesi kiasi kwamba mkono husahau kukandamiza, hivyo siku za mwanzo funua na utazame nakala ya tatu kabla hujachana ukurasa.

Ukitaka ya chuma, Rotring 600 3-in-1 ina rangi mbili na penseli, na inatumia D1. Haina vitufe vya pembeni. Unailaza alama ya rangi unayoitaka ikikutazama, kisha unabonyeza nyuma, na uzito mdogo uliomo ndani huchagua mrija. Ni utaratibu ninaoupenda sana, ila unataka kalamu ilale kidogo. Ukibonyeza huku umeisimamisha wima, inaweza kutoa rangi usiyoitaka.

Nawe ukigundua kwamba penseli unaitumia mara moja kwa wiki tu, usione haya kuchukua Bic ya rangi nne, ambayo ipo tangu mwaka 1970. Ncha yake ya kawaida ya milimita 1.0 inakandamiza kaboni vizuri kuliko nyingi za bei kubwa, na ikipotea hutaumia sana.

Kuhusu penseli yenyewe, risasi yake, yaani kile kijiti cheusi kinachoandika, ikiwa ya milimita 0.5 ni ya karatasi. Ukiikokota juu ya tofali au ubao itakatika kila mara, na vipande vyake huziba mdomo wa kalamu. Kwa alama za mbao, endelea kubeba penseli bapa ya seremala. Vilevile usiandike ukiwa umeegemeza daftari ukutani na ncha ikitazama juu. Mirija hii haina gesi ya kusukuma wino, kwa hiyo baada ya maneno machache gololi huvuta hewa na kalamu hukata.

Swali lako la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji afungue kalamu mbele yako. Mrija wa D1 unatoka kwa kuvutwa wima kwa ukucha, na unatengenezwa na kampuni nyingi, zikiwemo Lamy, Rotring na Schmidt, hivyo hufungwi na duka moja. Wa Jetstream ni wa kampuni yake, kwa hiyo uone kwanza kama upo rafuni. Kama muuzaji hana mrija wa akiba wala hajui namba yake, kalamu hiyo utaitupa wino wa bluu utakapoisha, hata kama nyekundu bado imejaa. Siku hiyohiyo unayonunua kalamu, nunua mirija miwili ya bluu na mmoja mwekundu, uihifadhi kwenye droo ya ofisi ya saiti, ndani ya bahasha, mbali na vumbi la saruji.