Falcon ya 1979 au ya kurudiwa? Angalia haya kabla ya kuuza

Ndugu, nimekupata: mjomba kakuachia Millennium Falcon, chombo cha angani cha kuchezea cha filamu za Star Wars, hujui kama ni ile ya kampuni ya Kenner ya 1979 au ya kurudiwa, na mnunuzi anakuharakisha. Mwache asubiri.

Mwaka uliochapwa tumboni usikutoshe, maana toleo la 1995 lilitumia kalibu ileile. Weka betri usikilize: ya 1979 ina mlio mmoja wa kukwaruza; ya 1995 ina sauti kadhaa za kielektroniki. Ikizidi sentimita 70, hiyo ni ya kampuni ya Hasbro, ya kalibu mpya kabisa iliyoanza 2008. Kwa kuchezea, mimi naona hiyo inazishinda zote, ingawa wazee wa vya kale watanizomea.

Kisha kagua vipande: dishi la rada, bunduki ya juu, kimpira cha mazoezi kinachoning'inia, kifuniko cha betri. Hivyo ndivyo hupotea, na bei hushuka navyo. Betri zikiwa zilivuja, futa kwa pamba yenye siki kidogo. Plastiki iliyogeuka manjano usiiguse. Dawa za kuing'arisha zinaweza kubandua stika. Na kama boksi lake lipo, tafuta mtathmini wa vitu vya kale kwanza, asiyetaka kuinunua yeye.