Vivuli vya Ndia Kuu vinanishinda

SWALI: Mambo kaka, nachora Ndia Kuu ya Mombasa kwa rangi za mafuta, nimewaonyesha mabeshte wote wanasema iko poa lakini mi naona mtaa umekufa tu, vivuli vyeusi tii na roshani kama zinaelea. Picha yake hii hapa, nianzie wapi?

JIBU: Ukiwauliza "imekaaje" watakusifia tu, waulize jicho lao linakwama wapi, hapo ndo utapata kitu. Langu limekwama kwenye roshani ya kushoto, iko juu ya usawa wa macho yako lakini mistari yake inazidi kupanda inavyoenda mbali, inatakiwa ishuke, we vuta uzi juu ya kanvasi utaona. Nyeusi weka pembeni kabisa. Mtaa ni mwembamba, ukuta wenye jua unarusha mwanga ng'ambo, kwa hiyo kivuli cha huko ng'ambo si cheusi hata kidogo, changanya bluu ya ultramarine na kahawia ya burnt sienna halafu nyeupe kiduchu. Ila subiri rangi ya chini ikauke usije ukapata tope, na tabaka la juu liwe na mafuta zaidi, na tapentaini (ya kuyeyushia rangi) ipungue, la sivyo litapasuka baadaye. Mlango wa nakshi umeupatia kweli kweli, usiuguse.